Hesabu ya kompyuta haijaiondoa nyundo karakanani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua yangu ni ndefu. Ikibidi uipunguze, kata yanayonihusu mimi uyaache yanayohusu mashine.

Makala mliyochapa juu ya kompyuta katika uhandisi niliisoma neno kwa neno. Mwandishi wenu ameeleza vizuri jinsi programu zinavyosanifu madaraja, fremu na vipuri, na jinsi vihisi vinavyofungwa kwenye mashine za kukatia chuma ili vitoe taarifa kabla kisu hakijavunjika. Hayo yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Kilichonifanya nishike kalamu ni sentensi moja karibu na mwisho, ile inayodai kwamba kwa hesabu za siku hizi, kukipima kitu chenyewe kimekuwa gharama isiyo ya lazima. Maneno hayo hayo nayasikia kwa vijana wanaotoka vyuoni na kwa wauzaji wa programu. Gazeti likiyachapa bila swali, yanageuka kuwa elimu.

Mimi ni fundi wa mashine. Nilianzia kwenye mashine ya kukereza, nikaja kwenye milingi, mashine zenye kisu kinachozunguka, zinazoendeshwa kwa kompyuta, na sasa nasimamia wenzangu na kusoma michoro ya mitetemo inayotoka kwenye vihisi. Usanifu si ofisi yangu, ila kila wanachokisanifu lazima kipite kwenye mashine zetu, na mchoro ukiwa na kasoro sisi ndio wa kwanza kuisikia, tena kwa masikio.

Kwanza niipe hesabu heshima yake. Mwaka 1956 wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia ya kukokotoa ukakamavu, yaani ugumu wa kupinda, wa muundo kama bawa la ndege kwa kuugawa vipande vidogo. Kila kipande kinapewa mlinganyo wake mwepesi, halafu vyote vinaunganishwa kuwa mfumo mmoja mkubwa. Mwaka 1960 Clough akaipa njia hiyo jina la elementi finiti. Kabla yake, mhandisi mwenye umbo la ajabu ajabu alikuwa na mawili: alifananishe na boriti au bamba analoliweza kwa mkono, au alitengeneze kisha alivunje aone. Leo kompyuta ya kawaida ya mezani inatatua mfumo wenye milinganyo laki kadhaa kwa dakika chache, na anayeijua kazi yake anapata jibu ambalo mkono haungelipata maisha yote.

Ila kompyuta inajibu kile ilichoulizwa. Anayeamua boriti imeshikwa wapi, mzigo unaingilia wapi, bolti inashika au inateleza, vipande viwe vikubwa au vidogo, ni mtu. Akikosea hapo, programu haitamsuta. Itampa picha nzuri ya rangi, nyekundu hapa na buluu pale, yenye tarakimu sita baada ya nukta.

Mfano unaofundishwa sana ni jukwaa la gesi la Sleipner A la Norway. Msingi wake wa zege ulikuwa na seli 24 zilizojengwa kwa kushikana, na pale seli tatu zilipokutana palibaki nafasi ya pembe tatu ambayo kuta zake zilisukumwa na maji ya bahari. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi ukiwa unashushwa majini taratibu karibu na Stavanger kwa maandalizi ya kupokea sehemu ya juu, ukuta mmoja ulipasuka. Maji yaliingia kwa kasi ambayo pampu hazikuiweza, muundo wote ukazama, na kishindo chake sakafuni kilinaswa na vituo vya tetemeko kama tetemeko la ukubwa wa 3.0. Hakuna aliyekufa. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 700. Uchunguzi ulikuta kwamba vipande vya hesabu kwenye kuta zile vilikuwa vikubwa mno na vimekaa vibaya, hata mkazo wa mkato, yaani nguvu ya ndani inayotaka kuukata ukuta, ukatoka pungufu kwa asilimia 47, na nondo za pale nazo hazikutosha wala hazikufungwa ipasavyo. Hesabu iliporudiwa kwa uangalifu ilionyesha ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65.

Tazama hapo, Mhariri. Hesabu ile ile, ikifanywa na mtu makini, ilikosea kwa mita tatu tu. Kwa hiyo sisemi kompyuta ni mwongo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa paa la ukumbi wa michezo wa Hartford, Marekani. Lilikuwa paa la vyuma vilivyosukwa, lenye upana wa mita 91 kwa 110 hivi, lililosanifiwa kwa kompyuta wakati ambapo jambo hilo lilikuwa la kujivunia. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1978, theluji ikiwa juu yake, paa zima lilishuka chini. Saa chache kabla, watu wapatao 5,000 walikuwa wamekaa humo wakitazama mpira wa kikapu. Hesabu ilichukulia kwamba vyuma vya juu, vile vinavyokandamizwa, vimeshikiliwa katikati yake visipinde kando. Kwenye jengo lenyewe vile vya kuvishikilia havikuwa vimeungwa mahali pa kuvizuia kweli, na uzito wa paa nao ulikuwa umekadiriwa kidogo kuliko ulivyokuwa.

Sehemu ya kisa hicho inayosahaulika ni hii: wakati wa ujenzi watu walipima. Waliona paa linabonyea karibu mara mbili ya kiasi ambacho kompyuta ilitabiri. Wakatoa taarifa. Wakajibiwa kwamba tofauti kati ya hesabu na hali halisi ni jambo la kawaida. Chuma kilikuwa kimeshasema, kwa milimita, kwamba ukakamavu wa kwenye karatasi si ukakamavu wake. Aliyekuwa na kipimo mkononi hakuwa na cheo cha kuisimamisha kazi, na mwenye cheo alikuwa na karatasi ya kompyuta.

Sasa turudi karakanani, maana huku ndiko ninakoweza kusema kwa uhakika zaidi.

Mtu akiniuliza kwa nini hatuwezi kukokotoa kila kitu, namjibu hivi: uzito wa kitu unaujua kutokana na mchoro. Ukakamavu wake nao unaupata, si haba. Chukua mkono wa chuma wa kutobolea ndani wenye kipenyo cha milimita 20, uliochomoza milimita 80 nje ya kishikio, ukasukumwa na nguvu ya niutoni 500 kwenye ncha. Hesabu ya mkono, ile ya mwaka wa kwanza chuoni, inasema utapinda milimita 0.05 hivi. Uchomoze mara mbili, milimita 160, na kupinda kunapanda mara nane, milimita 0.41. Ndiyo maana mafundi wanakwambia mkono wa chuma usizidi mara nne ya kipenyo chake: wengi wao hawajawahi kuiona fomula, lakini wameiona kazi ikiharibika. Ukiwa na uzito na ukakamavu unaikisia frikwensi asilia, yaani mwendo ambao kitu kinapenda kutetema chenyewe kikigongwa.

Kinachobaki ni jinsi mtetemo unavyofifia. Hicho hakipo kwenye mchoro. Chuma kitupu hakifishi mtetemo kwa wingi. Katika mashine iliyofungwa, kazi kubwa ya kuufisha inafanyika kwenye maungio: pale bolti inapobana, pale meza inapoteleza juu ya reli yenye mafuta, pale kishikio cha kisu kinapokaa ndani ya spindeli, ule mhimili unaokizungusha. Mashine mbili za aina moja zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zinaweza kutofautiana kwa sababu moja ilikazwa bolti za msingi vizuri na nyingine haikukazwa. Programu inataka namba ya kujaza hapo, na msanifu anajaza iliyo kitabuni, asilimia 2 au asilimia 4. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini katika kukata chuma, kina cha juu unachoweza kukata bila mashine kuanza kunguruma kinapanda karibu sawasawa na namba hiyo. Ukijaza 4 ilhali ukweli ni 2, kompyuta itakuruhusu kukata mara mbili ya kina ambacho mashine inakivumilia.

Mngurumo huo si kelele tu. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyechapisha mwaka 1907 matokeo ya miaka mingi ya kukata chuma, aliuhesabu kuwa tatizo lililofichika kuliko yote yanayomkabili fundi wa mashine. Miaka ya 1950 ndipo watafiti kama Tobias na Tlusty walipoeleza chanzo chake. Jino la kisu linapopita linaacha mawimbi madogo juu ya chuma. Jino linalofuata linakata juu ya mawimbi hayo, nalo linaacha ya kwake. Mawimbi mapya yakipishana vibaya na yale ya zamani, unene wa chuma kinachokatwa unapanda na kushuka, nguvu inapanda na kushuka nao, na mtetemo unajilisha wenyewe hadi uso wa kazi unatoka na makunyanzi na ncha ya kabidi, ile kitu ngumu inayofanya ukataji wenyewe, inameguka.

Kwa maelezo hayo unapata jambo ambalo fundi mgeni hakubali mpaka alione. Mashine ikinguruma, mkono wa kila mtu unakwenda kupunguza mwendo. Mara nyingine dawa ni kuongeza. Tuseme kisu chenye meno manne kina frikwensi asilia ya hezi 800, yaani kinatetema mara 800 kwa sekunde. Ukikizungusha mizunguko 5,000 kwa dakika, meno yanagonga mara 333 kwa sekunde, na 333 haiingii ndani ya 800 kwa ukamilifu: mawimbi yanapishana. Panda hadi karibu na 6,000. Sasa meno yanagonga mara 400, nusu kamili ya 800, mawimbi yanafuatana, na mashine inanyamaza huku ikikata kina kile kile. Mwendo mwingine mzuri ungekuwa 4,000, na mwingine 12,000 kama spindeli inaufikia. (Wajuzi watasema ukikaa pale pale kwenye 6,000 vipimo vya kazi vinaweza kusogea kidogo. Ni kweli, ndiyo maana nimesema karibu.)

Hiyo 800 tunaitoa wapi? Hatuitoi kwenye programu ya usanifu. Tunaitoa kwa nyundo. Ni nyundo ndogo yenye kihisi cha nguvu kichwani. Unabandika kipima mtetemo kidogo kwenye ncha ya kisu kwa nta, mashine ikiwa imezimwa, kisu kikiwa ndani ya kishikio chake kama kitakavyofanya kazi. Unagonga mara moja, kwa kifundo cha mkono, uiache nyundo iruke yenyewe. Ukiibana ikagonga mara mbili, kipimo hicho kitupe. Unarudia ili upate wastani, halafu kompyuta inalinganisha nguvu iliyoingia na mtetemo uliotoka. Inachora kilima: kilele kinakupa frikwensi, na unene wa kilima unakupa jinsi mtetemo unavyofifia, ile namba iliyokosekana kwenye mchoro. Kilima chembamba kilichosimama kama sindano, jihadhari. Kilima kipana, una nafasi ya kukata. Badilisha kishikio, au chomoza kisu sentimita moja zaidi, na kilima kinahama, gonga tena.

Kazi nzima haichukui muda mrefu kuliko kusubiri programu imalize hesabu yake. Kwa hiyo ninapoambiwa kupima ni gharama isiyo ya lazima, nauliza gharama ipi.

Nije kwenye ufuatiliaji wa mashine, ambao sifa zake zote makala yenu iliipa akili mnemba. Karakanani kwetu tulifungiwa mfumo wa namna hiyo. Kila mashine ikapata taa tatu na king'ora, na kompyuta iliyosoma umeme unaovutwa na mota ya spindeli. Umeme ukipanda kupita mpaka, taa ya njano. Ukizidi, nyekundu, na mashine inasimama. Haukupita muda mrefu kila king'ora kilikuwa kimezibwa kwa tepu. Sikuwalaumu vijana. Asubuhi, spindeli ikiwa bado ya baridi na grisi ya beringi nzito, mota inavuta umeme zaidi hata kabla kisu hakijagusa chuma. Mpaka ulikuwa umepangwa mchana, mashine ikiwa na joto. Basi kila asubuhi mfumo ukapiga kelele kwamba visu vimechakaa, nasi tunavitoa, tunavitazama kwa lenzi, vipya kabisa. Mtu akidanganywa hivyo kila siku, taa nyekundu ya kweli haimshtui tena.

Dawa haikuhitaji akili mnemba. Kila mashine inapowashwa tunaizungusha bila kukata, tunapima umeme wa kuzunguka mtupu, na kiasi hicho kinatolewa kwenye kila kipimo kinachofuata. Aliyetoa wazo hilo ni mwendesha mashine ambaye wauzaji wa mfumo hawakumwuliza neno lolote walipokuja kuufunga.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo mnunuzi yeyote angeiona kama angeuliza swali moja: unahifadhi vipimo vingapi kwa sekunde? Mfumo wetu ulihifadhi kimoja. Spindeli ya mizunguko 6,000 inamaliza mzunguko mmoja kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Jino likimeguka, alama yake iko ndani ya mzunguko huo mmoja. Na mngurumo wa hezi 800 hauonekani kabisa usipopima zaidi ya mara 1,600 kwa sekunde; hiyo si kanuni ya karakana yetu, ni ya hisabati. Tulikuwa na kabati lililojaa data ambayo haikuwa na uwezo wa kujibu swali tulilolinunulia. Hakuna programu ya kujifunza, hata iwe na neva bandia ngapi (vipande vya hesabu vinavyoiga neva za ubongo), itakayotoa humo kisichokuwamo.

Ukiwa na vipimo vya kutosha mambo yanabadilika. Tangu wanahisabati Cooley na Tukey walipochapisha njia yao ya haraka mwaka 1965, kuugawa mtetemo katika frikwensi zake ni kazi ya kufumba na kufumbua. Unatazama mchoro: kilele kwenye mizunguko ya spindeli, kilele kwenye kasi ya kugonga kwa meno na vizidishio vyake. Hivyo ni halali, ni sauti ya kazi. Kilele kikichomoza mahali ambapo hakilingani na kizidishio chochote cha mwendo wa mashine, huo ni mngurumo umeanza, hata kama sikio bado halijausikia. Na vilele vya mzunguko kamili wa spindeli vinapoanza kukua kupita kawaida yake, badala ya vile vya meno, ujue meno hayakati sawasawa tena. Moja limechakaa au limeondoka. Haya anaweza kufundishwa mwendesha mashine yeyote mwenye nia, na akishayajua hazibi king'ora, anakitegea sikio.

Uchakavu ni mgumu zaidi, na hapa ndipo akili mnemba inaposaidia kweli. Kwa majaribio ya kukereza, kiwango cha kimataifa cha ISO 3685 kinaihesabu ncha ya kabidi kuwa imefika mwisho pale uchakavu wa ubavu wake unapofikia wastani wa milimita 0.3. Huwezi kuuona huo kisu kikiwa ndani ya kazi, kimezungukwa na maji ya kupozea. Unaukisia kwa nguvu, kwa mtetemo, kwa sauti za juu ambazo sikio halizifikii. Hesabu ya Taylor inakupa mwanzo tu: kwa kabidi nyingi, ukiongeza mwendo wa kukata kwa asilimia 20, maisha ya ncha yanashuka karibu kwa nusu. Lakini ncha mbili za boksi moja hazifi siku moja, na chuma cha kutupwa chenye gamba gumu juu kinakula ncha kuliko mwili wake wa ndani. Kuunganisha ishara zote hizo kwa mkono hakuwezekani, na mtandao wa neva bandia unaweza kuona mpangilio ambao mimi siuoni.

Taabu yangu ni namna matokeo yanavyotangazwa. Usahihi wa asilimia 99! Chukua ncha 100, moja ndiyo imevunjika. Programu inayosema "nzima" kila mara, bila kutazama chochote, inapata 99. Nataka kujua ile moja iliipata au haikuipata. Halafu nauliza data ya mtihani ilitoka wapi. Wengi wanachukua kumbukumbu ya ncha moja, wanaikata vipande, vipande vingine vinafundishia na vingine vinatahinia. Huyo ni mwanafunzi aliyeoneshwa karatasi ya mtihani jana yake. Mpe ncha ambayo hajawahi kuisikia, kwenye chuma cha kundi jingine, ndipo uje na asilimia yako.

Na jibu sahihi analijua nani? Programu inajifunza kwa kuambiwa: hii ilikuwa nzima, hii ilikuwa imekwisha. Anayelijua hilo ni aliyeitoa ncha akaitia chini ya hadubini akaandika. Pale ambapo daftari la mwendesha mashine lina tarehe, aina ya chuma, namba ya ncha na uchakavu uliopimwa, nimeona mifumo ya kawaida kabisa ikifanya kazi vizuri. Pale ambapo daftari halipo, au limejazwa mwisho wa zamu kwa kukisia, hata mfumo wa bei kubwa unabaki kuwa pambo.

Jambo moja la usanifu kabla sijamaliza, maana mwandishi wenu alilisifu sana: programu zinazotafuta umbo lenyewe, zikiondoa chuma pasipo na kazi mpaka kibaki kama matawi ya mti. Wazo lina mizizi kwa mhandisi Michell mwaka 1904, na watafiti Bendsøe na Kikuchi walilipa njia ya kikompyuta mwaka 1988. Ni kazi nzuri, na vipande vinavyotoka ni vyepesi kwelikweli. Ila umbo lililopunguzwa mpaka tone la mwisho limefaa mzigo ule ulioandikwa tu. Mzigo ukija kwa upande, hakuna akiba. Na kwetu sisi, kitawi chembamba kinatetema kisu kinapokigusa, kwa hiyo kipande kilichookoa chuma ofisini kinapoteza saa mashineni. Nimewahi kupokea mchoro wa aina hiyo wenye kona za ndani kali kabisa. Msanifu, kijana mwenye bidii, alikuwa na mkazo usiokubali kutulia: kila alipoligawa umbo katika hesabu yake vipande vidogo zaidi, mkazo ulipanda. Angeendelea hivyo hadi kesho, kwa sababu kwenye nadharia kona kali ya ndani haina kikomo cha mkazo. Nilimwambia kwa simu kwamba kisu changu kidogo kinachofika pale kina kipenyo cha milimita 10, kwa hiyo kona yake itakuwa na mviringo wa milimita 5, atake asitake. Akauweka mviringo huo kwenye hesabu, mkazo ukatulia, na wote wawili tukaendelea na kazi.

Mazungumzo yale ya simu ndiyo ninayoyaona yakikosekana mahali pengi. Ofisi ya usanifu na karakana zinatumia hesabu moja ya uzito, ukakamavu na kufifia kwa mtetemo. Mmoja anaianzia kwenye mchoro, mwingine anaiishia kwenye nyundo, na namba za nyundo hazirudi ofisini. Mashine ikishapimwa, msanifu wa fremu yake hapewi kilima kile. Mwaka unaofuata anajaza tena asilimia ya kitabuni. Daraja au jukwaa likishafungwa vihisi, nalo lilinganishwe na hesabu iliyolizaa, na tofauti ikiwa mara mbili, kama ya Hartford, mwenye kipimo awe na haki ya kusimamisha kazi kwa maandishi mpaka ipatikane sababu.

Kwa mwandishi wenu nina ombi. Atakapomhoji tena mhandisi anayemwonyesha picha ya rangi kwenye kioo, amwulize maswali mawili: ulichukulia kitu hiki kimeshikwa wapi, na kilipojengwa ulipima nini? Achape majibu yote mawili, hata kama la pili ni kimya.

Wako msomaji,
Fundi wa Mashine za Kukata Chuma